Mungu anajua yote, sasa mbona anamuuliza Adamu "uko wapi"?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua zenu zimekuwa kama mmekaa kikao kimoja mkakubaliana. Nyingi zinauliza jambo lile lile kwa milango tofauti, yaani huyu Mungu anayejua yote na yule Mungu wa kwenye Maandiko anayetembea, anayeuliza, anayekasirika na kujuta, ni mmoja kweli? Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

*Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa miaka 24, navua dagaa kwenye mtumbwi wa tajiri mmoja huku Igombe. Usiku tukishawasha taa tunakaa kusubiri dagaa wajae ndo tushushe nyavu, na hapo ndo stori zinapokuwa nyingi. Mwenzangu mmoja ni Muislamu, tunaelewana sana ila juzi alinibana. Akasema Biblia yenu inasema Mungu alimuuliza Adamu uko wapi, akashuka kuangalia Sodoma kama ni kweli, alafu akajuta kumuumba mtu. Sasa Mungu anayejua yote anaulizaje? Anajutaje? Nikamwambia hayo ni mafumbo, akacheka, na wengine wakacheka. Mi sikutaka kushinda, nataka kujua kweli, kwa sababu tangu siku ile nikisali naona kama naongea na mtu nisiyemjua. — Kijana wa Igombe*

Marahaba mwanangu, na poleni na baridi ya usiku huko majini. Jibu lako la mafumbo halikuwa baya ila ulilitoa mapema mno, mtu akiuliza swali la kweli ukamwambia "ni mafumbo" ukaishia hapo anaona umemfungia mlango. Tuufungue.

Tuanze na Adamu maana hapo ndo pepesi. Nina mjukuu wa miaka minne. Wiki iliyopita mama yake alikaanga sato akawaweka kwenye sahani wapoe, akatoka kidogo kuanua nguo, kurudi kipande kimoja hakipo. Mtoto yuko nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, vidole vya miguu vyote kumi vinaonekana chini ya pazia, na pazia lenyewe linacheza kwa sababu anatafuna. Mama akasimama katikati ya sebule akaita, "We uko wapi?" Mimi nimekaa kwenye kochi naangalia. Alikuwa anamwona kabisa! Angeweza kuvuta pazia akamchapa mambo yakaisha, ila alitaka mtoto atoke mwenyewe, aje na miguu yake, aseme kwa mdomo wake. Na akatoka, midomo inang'aa mafuta, akasema "mi sijala". Tukaanzia hapo.

Sasa soma Mwanzo 3 ukiwa na hilo pazia kichwani. Mungu anaita, Adamu anajibu kwamba alisikia sauti akaogopa kwa kuwa yu uchi akajificha. Ameshaanza kutoka. Sura inayofuata ni wazi zaidi, Mungu anamuuliza Kaini "Yuko wapi Habili ndugu yako?", Kaini anasema hajui, na hapo hapo Mungu anamwambia damu ya ndugu yako inanilia kutoka ardhini. Yaani aliyeuliza alikuwa ameshasikia damu. Mwandishi hakuficha kwamba Mungu anajua, ameweka swali na ujuzi kwenye mazungumzo yale yale ili tuelewe swali lilikuwa la nani. La Sodoma nalo ni hivyo hivyo kwa kiasi kikubwa. "Nitashuka sasa nione" ni maneno ya hakimu asiyehukumu kwa kusikia tu, na angalia kinachofuata, Ibrahimu anapata nafasi ya kubembeleza, kuanzia wenye haki 50 mpaka 10. Kama Mungu angekuja na hukumu iliyofungwa tayari, Ibrahimu angesimama wapi?

Alafu kuna hili la mwili: mkono wa Bwana, macho ya Bwana, pua, mgongo. Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Tunasema mkono wa serikali ni mrefu, na hakuna mtu anayeuliza serikali inavaa shati saizi gani. Mtu ana mkono wa birika, mwingine ana jicho la husuda, fulani kanipa kisogo. Kila jioni hapa Mwanza tunasema jua linazama ziwani na hata mwalimu wa jiografia anasema hivo, na hasemi uongo, anasema linavyoonekana kutoka tulipokaa. Waebrania nao walikuwa na misemo yao. Ule mstari wa Kutoka 34:6 ambapo Mungu anasemwa kuwa si mwepesi wa hasira, kwa Kiebrania neno kwa neno ni "mrefu wa pua"! Kwao hasira ilikaa puani, mtu akikasirika pua inawaka moto, basi mwenye pua ndefu ni yule ambaye moto unachelewa kufika. Hakuna Muisraeli aliyesikia hayo akaanza kupima pua ya Mungu. Na Zaburi 94:9 inaligeuza jambo lenyewe vizuri sana, inauliza, aliyelitia sikio mahali pake, asisikie? Aliyelifanya jicho, asione? Kumbe sikio letu ndo limetoka kwake, hatuhitaji kumtafutia la kwake.

Na usidhani swali lako ni la juzi, au ni la watu wenye simu tu. Wayahudi waliotafsiri Torati kwenda Kiyunani, miaka mingi kabla ya Kristo, walipofika Kutoka 24:10 panaposema wazee walimwona Mungu wa Israeli, wao wakaandika waliona mahali aliposimama Mungu wa Israeli. Walikuwa wanaona aibu kidogo. Marabi wakaja na msemo kwamba Torati inasema kwa lugha ya wanadamu, na Musa bin Maimun, yule tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri akafa mwaka 1204, alijenga juu ya msemo huo hoja ndefu sana kuonyesha kwamba Mungu hana mwili hata kidogo. Agustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa mwaka 354 huko ambako leo ni Algeria, anakiri mwenyewe kwamba ujana wake wote alikwamia hapo, alidhani Wakristo wanaamini Mungu mwenye umbo la mtu, akawadharau, mpaka alipowasikiliza vizuri. Kwa hiyo mwenzako wa kwenye mtumbwi yuko na watu wazito.

Sasa tufike pagumu. Kuuliza nimekueleza, mkono nimekueleza, ila kujuta je? Mwanzo 6:6 imeandikwa, "BWANA akaghairi kwa kuwa amemfanya mwanadamu duniani, akahuzunika moyo." Hapa sitaki nikupe jibu la haraka maana nimewahi kupewa la haraka nikiwa na umri wako na lilinikaa vibaya miaka mingi.

Fungua 1 Samweli 15. Mstari wa 11 Mungu anasema najuta kwa sababu nimemtawaza Sauli. Mstari wa 29 Samweli anasema aliye Nguvu wa Israeli hatasema uongo wala hatajuta, kwa sababu yeye si mwanadamu hata ajute. Mstari wa 35, mwisho kabisa wa sura, Bwana akajuta ya kuwa amemtawaza Sauli. Mwanangu, hiyo ni sura moja! Anajuta, hajuti, anajuta, na neno la Kiebrania ni lile lile mara zote tatu. Mtu aliyeandika hakusahau alichoandika mistari sita nyuma. Mi naamini aliziweka pamoja makusudi, kwa sababu aliona ukisema moja tu umekosea. Ukisema Mungu anajuta ukanyamaza, umemfanya kama mimi ninavyojuta kununua simu mbovu, yaani sikujua, nimedanganyika. Ukisema hajuti ukanyamaza, umemfanya kama lile jiwe la Bismarck pale majini, mawimbi yanapiga miaka yote na lenyewe halina habari.

Na neno lenyewe ni pana. Ni *naham*, na linabeba huzuni, kughairi, hata kufarijika. Sura moja tu nyuma, Mwanzo 5:29, baba yake Nuhu anasema huyu ndiye atakayetufariji, na pale kwenye kufariji limetumika neno hilo hilo. Kwa hiyo msomaji wa Kiebrania akifika 6:6 anasikia kitu ambacho kwa Kiswahili kinapotea, mtu alitarajia faraja na Mungu ndiye akabaki na uchungu. Je, uchungu unamaanisha hakujua? Muulize mama yeyote mwenye mtoto mgonjwa ambaye madaktari walishamwambia mwezi mzima kabla. Alijua. Siku ilipofika alilia kama hakujua. Kujua hakukumpunguzia kitu.

Andiko ninalolipenda kuliko yote katika hili ni Hosea 11. Mungu anaongea kama mzazi aliyemfundisha mtoto kutembea akamshika mikono, alafu mtoto kamkimbia, na anasema moyo wangu umegeuka ndani yangu. Hakuna mahali ambapo ameongea kama mtu kuliko pale. Na mstari unaofuata tu anasema, kwa maana mimi ni Mungu, wala si mwanadamu. Umeona? Sentensi ile inayomfanya asiwe mtu ndo hiyo hiyo inayoeleza kwa nini hataacha kupenda. Mtu angeshachoka.

Nitakuwa mkweli pia kwamba wasimulizi wa zamani sana wa stori hizi hawakuwa wanawaza kama wanafalsafa wa Kiyunani, neno "mjuzi wa yote" walikuwa hawalitumii wanapoeleza Mungu akitembea bustanini wakati wa jua kupunga. Wapo wanatheolojia wa siku hizi, hasa Marekani tangu miaka ya 1990, wanaosema kujuta kuchukuliwe kama kulivyo, kwamba Mungu ameamua kuuacha mlango wa kesho wazi. Nimesoma hoja zao, sio watu wa mchezo, ila mi sijashawishika, kwa sababu Zaburi 139 inaniambia hamna neno ulimini mwangu asilolijua, na Zaburi hiyo nimeisali kwenye vitanda vya wagonjwa wengi siwezi kuiacha. Lakini bora wao kuliko yule anayemfanya Mungu kuwa daftari la mahesabu.

Mwenzako mwambie hivi, kwa upole. Msahafu wake unasema hakuna kitu kama mfano wake, sura ya 42 aya ya 11, na hapo tunakubaliana naye kabisa. Lakini msahafu huo huo, sura ya 48 aya ya 10, unasema mkono wa Mungu uko juu ya mikono yao. Wanazuoni wa Kiislamu walilibeba swali hili kwa karne nyingi, wengine wakafasiri mkono ni uwezo, wengine wakasema tunauamini kama ulivyosemwa bila kuuliza namna gani. Imamu Malik wa Madina aliulizwa jinsi Mwenyezi Mungu alivyokaa juu ya Arshi, yaani kiti chake cha enzi, na jibu lake wanalikumbuka mpaka leo, kwamba kukaa kunajulikana, namna yake haijulikani, kuamini ni wajibu, na kuuliza namna ni uzushi. Kwa hiyo mko mtumbwi mmoja kwa maana zote mbili. Msishindane, msaidiane kupiga kasia.

Ila umeniandikia kwamba ukisali unaona kama unaongea na mtu usiyemjua. Hilo ndo lililoninyima usingizi na ndo sababu nakuletea huyu mzee. Mwaka 399 huko Misri, askofu Theofilo wa Aleksandria alituma barua kwa wamonaki wa jangwani akiwaambia Mungu hana umbo la mtu, acheni kumwaza hivo. Kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Serapioni, ameishi jangwani miaka mingi, mtakatifu kweli kweli, na siku zote alisali akimwona Mungu moyoni kama mtu mwenye uso. Wakamweleza, wakamleta shemasi msomi, mwisho mzee akakubali. Wote wakafurahi, wakasimama kusali kushukuru. Na katikati ya sala mzee akaanguka chini akalia, akasema, ole wangu, wameniondolea Mungu wangu, na sasa sina wa kumshika, wala simjui wa kumwabudu. Yohane Kasiano, mmonaki wa nyakati hizo, ndiye aliyeiandika stori hii.

Mzee alifundishwa jambo la kweli. Hilo sina ubishi. Ila walimwondolea sura wakamwacha mikono mitupu, na hilo nisingependa likupate wewe kwenye mtumbwi usiku. Biblia haikufanya hivyo popote. Inakwambia si mtu, alafu inakupa Baba, inakupa mchungaji, inakupa mama anyonyeshaye, inakupa kuku na mabawa yake. Kalvini, yule mwalimu mkubwa wa Waprotestanti wa mwanzo, alisema Mungu anaongea nasi kama mlezi anavyoongea na mtoto mchanga, anakata maneno, anayafupisha. Mlezi hajasahau lugha, ameinama tu. Basi usiku wa leo ukisali mwite Baba bila wasiwasi. Neno hilo hukulitunga wewe.

*Mwalimu salaam. Mimi ni mama wa Sengerema, kaka yangu alichukuliwa na ziwa miaka mitatu iliyopita, mtumbwi ulipinduka na dhoruba. Nimesoma kwamba Mungu hasinzii wala halali. Lakini kwenye sala zangu najikuta namwambia "ulikuwa umelala?" Kiongozi wa jumuiya yetu alinisikia akasema nakufuru, nitubu. Je nimekufuru? — Dada wa marehemu*

Pole sana dada yangu. Hujakufuru.

Uliyoyasoma ni Zaburi 121:4, hatasinzia wala hatalala usingizi yeye aliye mlinzi wa Israeli. Na jirani yako Muislamu anayo hayo kwenye Ayatul Kursiyyu, kusinzia hakumshiki wala kulala. Ni kweli. Lakini geuza kurasa kurudi nyuma mpaka Zaburi 44:23 usome kwa sauti: amka, mbona umelala? Iko ndani ya kitabu kile kile, imeimbwa hekaluni, na hakuna aliyeifuta. Walioimba walijua halali. Waliimba hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa inaonekana kutoka walipokaa, na Mungu akaikubali iwe Neno lake.

Mwaka 1996, ile wiki ilipozama meli ya MV Bukoba, mei 21 kuendelea, nilikuwa mwalimu kijana hapa mjini. Jirani yetu alikuwa anamsubiri mwanae bandarini. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wake siku nzima ya tatu, ameshika kandambili moja ya mtoto aliyoiacha nyumbani, anaisugua tope kwa kidole gumba, mara kwa mara, hata ilipokuwa safi aliendelea kusugua. Na alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaongea na mtu wa dirishani, "Baba ulikuwa wapi? Baba ulilala?" Mzee mmoja wa kanisa akataka kumnyamazisha. Mimi sikuwa na la kusema, nilikaa chini pembeni yake. Baadae sana, baada ya mazishi ya Igoma, ndo nilikuja kukutana na hiyo Zaburi 44 nikaelewa kwamba yule mama alikuwa anasali sala ya zamani kuliko kanisa lolote la Mwanza, na hakuwa amefundishwa na mtu.

Alafu dada, wewe ni mtu wa ziwani, soma Marko 4. Ziwa la Galilaya ni dogo, urefu kama kilomita 21 na upana 13, ukilileta huku linaingia lote kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria na nafasi inabaki, lakini lina pepo za ghafla kama letu. Mawimbi yanaingia chomboni. Na Yesu amelala kwenye shetri, kichwa kwenye mto. Amelala kweli! Sisi Wakristo tunaamini pale Mungu asiyelala amechukua mwili unaochoka. Na wanafunzi wanamwamsha kwa maneno yale yale yako, Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia? Aliwauliza mbona ni waoga, ndiyo, ila upepo ndo aliouanza. Aliamka kwanza, akaukemea upepo, wao akawasemesha baadae.

Sijui kwa nini kwenye mtumbwi wa kaka yako upepo haukukoma. Hakuna aliyenieleza na sitakutungia. Ila endelea kumuuliza yeye mwenyewe, na kiongozi wako wa jumuiya mwonyeshe hiyo Zaburi.

*Mzee shikamoo, mi ni bodaboda kijiwe cha Nyegezi. Kama Mungu anajua kesho nitapata ajali, si ndo imeshapangwa? Helmeti ya nini sasa?*

Marahaba. Vaa helmeti kwanza ndo tuongee.

Panda siku moja kilima cha Bugando uangalie chini ziwani. Utaona kivuko kinatoka Kamanga, na mtumbwi unakatisha mbele yake, na watu wa kwenye mtumbwi hawajakiona bado. Wewe unaviona vyote viwili kwa mpigo mmoja. Je, kuona kwako ndo kunakosukuma mtumbwi? Boethio, Mrumi aliyeandika akiwa kifungoni akisubiri kuuawa, miaka ya 520 hivi, alisema Mungu haangalii mbele kama sisi, anaona jana na kesho kama tunavyoona kitu kilichopo. Anaona unachochagua kwa sababu unakichagua. Mfano wa kilima una pungufu yake, aliye kilimani hakuliumba ziwa, na hapo wanafalsafa wanaendelea kuvutana. Lakini kwenye swali lako la helmeti unatosha. Na Yesu mwenyewe aliyesema Baba yenu anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba, mstari unaofuata akasema basi ninyi salini hivi. Hakusema basi msisali.

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha shule ya msingi Nansio, Ukerewe. Kwenye kipindi cha dini niliwaambia watoto wachore Mungu. Wengi wamechora mzee mzungu mwenye ndevu, mmoja kachora jua, na mmoja kachora mtu kwenye mtumbwi ameshika karabai. Mzazi mmoja kalalamika kwamba nafundisha sanamu. Nifanyeje?*

Mwenzangu, mzazi ana haki ya kuuliza, usimpuuze. Kumbukumbu la Torati 4 inawaambia Israeli hamkuona umbo lolote siku ile ya Horebu, mlisikia sauti tu. Msomee hiyo, mwambie na wewe unaiamini, na watoto wasomee pia.

Hao wazee wa kizungu wenye ndevu wametoka kwenye picha za kalenda tunazotundika ukutani. Ndevu zenyewe zinatoka mbali, watu wamezijenga juu ya Danieli 7:9 penye mzee wa siku na nywele kama sufu safi, ila rangi ya ngozi Danieli hakuitaja. Zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo Myunani mmoja, Xenophanes, alishasema Wahabeshi wanaichora miungu yao myeusi na watu wa Thrakia wanaipa macho ya bluu, na kama ng'ombe wangekuwa na mikono wangechora ng'ombe. Alisema kwa kukemea, na yuko sawa kwa anayeisujudia picha. Ila mtoto wa darasa la tatu hajasujudu, anatafuta kitu kikubwa anachokijua. Ndo maana pale Bujora, Kisesa, waliojenga lile kanisa waliipa tabenakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia ekaristi, umbo la nyumba ya mtemi wa Kisukuma, na hakuna Msukuma aliyedhani Mungu anaezeka nyasi. Na huyo wa jua, babu zake wangemwelewa mara moja.

Karatasi usizichane. Kipindi kijacho wasomee Zaburi 91:4, kwa manyoya yake atakufunika, chini ya mbawa zake utapata kimbilio, alafu waulize kama Mungu ana manyoya. Watacheka wote, na mzazi akiwepo darasani itakuwa vizuri zaidi. Baada ya hapo waulize kifaranga anasikia nini akiwa chini ya bawa, wa Ukerewe wameviona vifaranga, watakueleza.

Na yule wa karabai mkalishe pembeni umuulize Mungu wake pale mtumbwini anamulika kumtafuta nani, alafu unitumie jibu lake kama alivyolisema, usilisahihishe.